Muulize Mwalimu: Ramadhani imo, masika yamo, ratiba ya nyumbani niipange vipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia jambo moja, kusomesha watoto nyumbani, na kila mtu anataka kujua Januari aanze vipi. Nimechukua nne. Ya mwanzo nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba masuala ya wengi wenu.

SUALI
Assalaam alaykum Mwalimu. Mie nna watoto watatu, mkubwa miaka kumi, wa kati saba, mdogo minne. Tumerudi kutoka Muscat, sasa tunakaa Fuoni. Kule walikuwa wakisoma kwa Kiingereza na Kiarabu, Kiswahili chao cha kuongea tu, kusoma na kuandika hawajui, kwa hiyo mie na baba yao tukaamua tuwasomeshe nyumbani kwanza mpaka wakae sawa. Nikatengeneza taimtebo nzuri kabisa, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, masomo saba kwa siku, nikaibandika ukutani. Wiki ya tatu ishakufa. Nikiingia jikoni huyu analia yule anataka simu, jioni wanatakiwa chuoni kusoma Kur-ani, ikaingia Ramadhani ndo tukaacha moja kwa moja, tunarudi baada ya Idd wameshasahau kila kitu. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kugombana na wanangu. Mkwe wangu kila akija ananambia hawa watakuwa majuha. Nataka mwaka 2027 uwe mwengine. Nianzie wapi, nishike mtaala gani, na jee wataweza kufanya mtihani kama wenzao?
Mama wa Watatu, Fuoni

JAWABU
Waalaykum salaam mwanangu. Pole kwa mwaka uliokwisha, na hongera maana umeendelea kuwakalisha watoto chini hata ulipochoka.

Kabla ya taimtebo kuna la kisheria nikwambie kwanza, maana watu wengi wanalipita. Hapa kwetu elimu ya msingi ni lazima, Sheria ya Elimu Namba 6 ya 1982 imesema, kwa hiyo kumweka mtoto nyumbani kimyakimya si jambo la kufanya. Nyie wa Fuoni mko Magharibi B, nenda ofisi ya elimu ya wilaya wewe na baba yao, jielezeni kama mlivonieleza mimi: watoto wametoka nje, Kiswahili cha kuandika bado, tunawasomesha nyumbani kwa muda na mpango wetu ndo huu. Mchukue na madaftari yao. Waulizeni pia Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima iliyo chini ya Wizara, wale kazi yao kubwa ni watu waloikosa skuli au waloiacha, lakini mtapata wa kuzungumza nao. Mfanye hivyo mapema, msingoje mpaka mtoto atakiwe kwenye mtihani.

Sasa hiyo taimtebo yako. Masomo saba kwa siku ni ya skuli, na skuli ina sababu zake, ina watoto arubaini au zaidi darasani, kila somo lina mwalimu wake, na kuna kengele. Wewe una watatu na jiko na kufua na wageni. Mtoto mmoja ukikaa nae bega kwa bega nusu saa ya hesabu ushamaliza kazi ya asubuhi nzima darasani, kwa sababu unamuona pale pale alipokosea na humngojei mtu. Usiogope kuwa masaa ni machache. Mie naona nyumba nyingi zinazosomesha watoto zinashindwa kwa sababu ratiba imeletwa kutoka kwengine ikalazimishwa ndani ya nyumba ambayo ina saa zake tayari: kuna alfajiri, kuna adhuhuri, kuna chuo, kuna Ijumaa. Zifate hizo hizo.

Chukua kalenda ile ya ukutani yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu pembeni, kaa nayo usiku watoto wakilala, na kalamu ya rangi. Tuangalie 2027 pamoja. Januari 4 ni Jumatatu, anza hapo. Tarehe 12 ni Mapinduzi, siku ya mapumziko. Ramadhani inatarajiwa kuandama wiki ya pili ya Februari, maana kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kabla ya mfungo una wiki tano tu. Wiki tano hizo usianze kitu kizito. Mwaka uliopita ulianza mbio Januari ukakatika Ramadhani, basi mara hii Januari iwe ya kuwapima tu na kuwazoesha kukaa. Mkubwa mpe ukurasa wa Kiswahili asome kwa sauti, uone anakwama wapi, kwenye ng' au mw au nini. Wa kati mpe hesabu za kujumlisha na kutoa. Andika unachokiona kwenye daftari lako mwenyewe, hilo litakusaidia kuliko silabasi yoyote.

Ramadhani usiifunge skuli yako kabisa, hapo ndo mlipopotezea. Wapunguzie tu. Watoto wakilala baada ya daku na sala ya alfajiri wanaamka wamechangamka kama saa nne hivi, chukua saa moja, kusoma nusu saa na hesabu nusu saa, halafu Kur-ani, basi, waachie. Na zile kazi za jioni nazo ni masomo: tende watu kumi kila mtu tatu tunatoa ngapi, uji wa kibaba kimoja unatosha vikombe vingapi, jirani tumpelekee sehemu gani ya sambusa. Mkubwa mpe daftari achore mwezi kila magharibi ukionekana, kuanzia ule mwembamba wa kuandama mpaka mpevu, na saa aliyouona. Mwezi ukifika nusu atakuja kukuuliza mwenyewe kwa nini kila siku unachelewa kuzama, na hapo ushapata somo la sayansi bila ya kununua kitu.

Idd itaangukia kama Machi 10, muandamo ndo utakaosema. Wape wiki nzima ya sikukuu, wale, wavae, waende viwanjani. Kisha ndo inaingia masika, na hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu hii miezi miwili na nusu, katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei, ndo roho ya mwaka wako. Mvua inawaweka watoto ndani, njia za Fuoni mnazijua nyie wenyewe zinavojaa maji, wageni wanapungua. Kila kilicho kigumu kiweke hapa: mkubwa afundishwe sehemu na desimali, wa kati ajue tebo ya 2 mpaka ya 5 kwa moyo, wote wawili waandike insha fupi kila Alkhamis. Kuna Karume Aprili 7 na Muungano Aprili 26 na Idd ya Mfunguo Tatu katikati ya Mei, zitie kalendani mapema zisikujie kwa ghafla. Umeme nao unaweza kukatika, kwa hiyo usitegemee vidio za intaneti miezi hii, chapisha au nakili kabisa kabla.

Kipupwe kikiingia, Juni mpaka Agosti, watoeni nje. Baridi kidogo, mvua hakuna, barabara kavu. Jozani wakamuone kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, mtoto aliyetoka Muscat akiona Kiarabu cha kuchonga cha miaka zaidi ya mia tisa kwenye ukuta wa kwao ataelewa kitu ambacho humwambii kwa maneno. Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, hapo nenda na mkubwa tu, wadogo bado. Julai kuna Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Safari moja kila wiki mbili yatosha, na kila safari waandike ukurasa mmoja na kuchora picha moja, msiifanye mzigo. Septemba mpaka Novemba rudini vitabuni mmalizie yaliobaki, Disemba pumzikeni, wewe khasa.

Siku yenyewe sasa. Mkishasali alfajiri na watoto wakanywa chai, kaeni saa moja na nusu mpaka saa tatu. Ni hapo tu penye sheria: kusoma, kuandika, hesabu, kila siku bila kukosa, simu zote zikae kwa baba au juu ya kabati. Saa tatu wacheze. Saa nne somo moja tu, leo sayansi kesho historia keshokutwa Kiingereza, mpaka saa tano na nusu. Basi. Ukiingia jikoni mkubwa anamsomea wa kati, au wanakaa mlangoni mwa jiko wanakwambia tebo huku unakuna nazi. Baada ya adhuhuri hakuna masomo yako, kuna chuo. Na chuo mkihesabu kama skuli maana ni skuli, mtoto anayehifadhi juzuu anafanya kazi kubwa ya kichwa na ukimuongezea masomo mengine magharibi amechoka ndo mnaanza kugombana.

Kiswahili nakiweka peke yake. Watoto wako wamerudi mahali ambapo Kiswahili Sanifu kilitokea, Kiunguja hiki ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wake mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo mwalimu wao amejaa mtaani. Watume dukani na karatasi waloandika wenyewe. Na mkwe wako, mpe kazi. Muombe kwa adabu, "Mama, watoto Kiswahili chao kibovu, nakuomba Jumamosi na Jumapili uwatolee ngano na vitendawili, wao waandike." Mkubwa aandike ngano ya bibi neno kwa neno, bibi amrekebishe. Naamini atakapokuwa yeye ni mwalimu wao hatosema tena majuha, na hata akisema, watoto watakuwa wameshapata ngano ishirini kwa mwaka.

Mtaala, angalieni mnataka wafike wapi. Kama nia ni kuwarudisha skuli za hapa, na mie naona ndo sawa kwenu kwa vile mmesema ni kwa muda, shikeni mtaala wa Zanzibar, huu mpya wa umahiri, vitabu vya darasa lile lile ambalo angekuwepo. Mujue pia Sera ya Elimu ya 2006 ilipitisha Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo Kiingereza chao cha Muscat msikitupe, kila neno la hesabu walijue kwa lugha zote mbili. Kama mnataka mtaala wa Cambridge wa Uingereza, mitihani yake ya sekondari inafanywa Mei na Juni au Oktoba na Novemba, lakini lazima mtoto asajiliwe kupitia kituo kinachotambulika na ada zake si ndogo, waulizeni bei kabla hamjaanza kununua vitabu. Kwa kidato cha nne cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, asiyepitia sekondari ya kawaida anakwenda kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kabla yake anafanya Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT. Mkubwa wako ana miaka kumi, huko bado mbali. Mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar ndo iliyo karibu yake, na hilo liwe suali lenu la kwanza mkifika ofisi ya wilaya.

SUALI
Mwalimu mie ni baba, nipo Konde Pemba. Kijana wangu wa miaka tisa alianguka mkarafuuni akavunjika mguu na daktari kasema akae nyumbani mpaka upone vizuri. Wenzake watamwacha. Sina kompyuta, pesa ya kununua vitabu vipya sina, nna simu ya kawaida yenye intaneti. Nifanye nini?
Baba K., Konde

JAWABU
Pole sana ndugu yangu, mpe pole na kijana, Allah amponyeshe.

Kesho nenda kwa mwalimu wake wa darasa, usingoje. Muombe akwambie mpaka mwisho wa muhula watasoma nini katika Hisabati, Kiswahili na Kiingereza, hayo matatu tu, akuandikie kwenye karatasi. Halafu tafuta rafiki yake mmoja anayekaa jirani, Ijumaa akitoka skuli apite na madaftari yake, kijana anakili Jumamosi. Mpeni yule rafiki chakula akija. Hilo la rafiki naliona muhimu kama masomo yenyewe, mtoto wa miaka tisa alolala kitandani anawaskia wenzake wanacheza nje anaumia moyo, na moyo ukiumia hata kitabu hakishiki.

Vitabu usinunue. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomwa bure, simu yako inatosha ila bando litakula kwa hiyo soma naye ukurasa mbili tatu kisha anakili. Na mtu akienda Chake Chake apite maktaba pale aulize utaratibu wa kuazima.

Na karafuu hizo hizo zimsomeshe. Muwekee kiti kivulini penye majamvi, mguu juu ya mto, mpe kazi ya karani. Kila mchumaji akileta anaandika jina na pishi. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo mtu akileta pishi sita na vibaba vitatu ni vibaba vingapi, na malipo yake shilingi ngapi. Hapo una kuzidisha na kugawa na sehemu, robo, nusu, robo tatu, vitu ambavyo darasani vinawatesa watoto. Mpimie kilo tatu za mbichi baada ya kuchambua makonyo, azianike pembeni peke yake, kila siku azipime tena na kuandika. Zikikauka sawasawa atabaki na kama kilo moja hivi. Muulize zile kilo mbili zimekwenda wapi. Mwache afikiri siku mbili tatu, usimjibu haraka. Kwenye mstari wa mwisho wa daftari hilo ataandika kilo ngapi zimeuzwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na bei ya kilo, na atakuwa na hesabu ya familia nzima mikononi mwake, jambo ambalo hata wewe litakufaa.

Kuandika, kila siku sentensi tano. Mko karibu na Ngezi, kuna popo wakubwa wa Pemba ambao duniani kote wako kisiwani kwenu tu, mwambie aulize wazee wanakula nini, wanalala miti gani, aandike. Akirudi skuli akamsomee mwalimu.

SUALI
Assalaam alaykum. Nalima mwani Jambiani. Wanangu wawili wanakwenda skuli mkondo wa jioni, asubuhi yote wapo tu. Natamani niwasomeshe mwenyewe asubuhi lakini siku nyengine nipo, siku nyengine nipo pwani, ratiba haikai. Nisaidie.
Mama Mwani

JAWABU
Waalaykum salaam mdogo wangu. Ratiba yako inakaa ila haifati Jumatatu na Jumanne, inafata maji, na wewe maji unayajua kuliko mie. Bamvua ikipiga, yale maji yanayojaa sana na kukupwa sana, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji kwetu yanakupwa kama saa nne asubuhi na zile siku saba nane uko pwani. Maji mafu yakiingia, yale yasojaa wala kukupwa sana, saa hizo hizo za asubuhi bahari imejaa na wewe uko nyumbani. Basi usipange kwa wiki, panga kwa bamvua na maji mafu. Maji mafu ndo skuli yako, kaa nao saa mbili kila asubuhi, somo jipya lolote liwe hapo. Bamvua waachie kazi ya kujifanyia wenyewe, kurasa za kusoma na hesabu kumi ulizowaandikia jana usiku, wakirudi skuli jioni mnazikagua pamoja.

Na mkubwa mpe daftari la maji. Kila siku aandike saa ngapi maji yamekupwa. Baada ya siku chache ataona kuwa kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kisha mwambie akisie kesho saa ngapi, kesho kutwa saa ngapi, uone kama anapatia. Mtoto wa Jambiani anayeweza kutabiri maji kwa hesabu yake mwenyewe huyo kashajua kujumlisha saa na dakika, na skuli wengi linawashinda. Wakifunga skuli nenda nao pwani bamvua moja, wahesabu kamba zako na mafundo, wapime mwani mbichi na mkavu.

SUALI
Mwalimu, mwanangu ana miaka minne, jirani yangu wake anasoma A mpaka Z. Na mie nimuanzishie ratiba Januari?
Bi Mdogo, Mwanakwerekwe

JAWABU
La, mwanangu, bado. Wa miaka minne msomee hadithi kila usiku, mtolee paukwa, ahesabu vijiko akikusaidia kupanga sahani, achezee mchanga na maji mpaka achoke, na akiwa na hamu ya kuandika mpe chaki nene na sakafu ya uwani. Akikuomba herufi mwonyeshe ile ya jina lake. Dakika kumi akichoka mwache. Wa Fuoni, hii ndo jawabu ya mdogo wako pia, wakati kaka zake wanasoma saa moja na nusu mpe chaki yake akae pembeni yao, asifukuzwe.